Anayelipa si anayekaa mbele yako: namna ya kuanzisha kazi ya ukocha wa uongozi

Kabla sijaanza kazi hii nilikuwa upande wa pili wa meza. Niliongoza idara ya rasilimali watu, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuwatafutia mameneja wetu makocha, kusoma mapendekezo yao na kuidhinisha ankara zao. Kwa hiyo nakiri mapema kwamba mengi hapa nayatazama kwa jicho la mnunuzi. Wanaoingia katika ukocha huwa wamefundishwa vizuri kusikiliza na kuuliza maswali. Wasichofundishwa ni kwamba katika ukocha wa uongozi, yaani kumsaidia kiongozi kwa mazungumzo abadili namna anavyofanya kazi yake, anayekaa mbele yako mara nyingi siye anayelipa; anayelipa ni mwajiri wake. Bei, mkataba, siri, hata namna ya kutafuta kazi, vyote vinatokana na jambo hilo.

Kwanza amua unamsaidia nani. Ukisema “nawasaidia viongozi” hujasema kitu. Pendekezo lililodai kuwafaa “viongozi wa ngazi zote katika sekta zote” nililiweka kando, si kwa ubaya, ila sikujua huyo kocha nimpeleke kwa nani. Niliinua simu pale nilipokuta shida ninayoijua: mhandisi hodari aliyepandishwa cheo na sasa hawezi kuwaachia vijana wake kazi, mkurugenzi mpya aliyetoka nje na kukuta timu iliyokuwa ikimtaka mtu mwingine, waanzilishi wawili wa kampuni moja ambao hawasemezani tena. Chagua hali, usichague sekta, kwa maana shida ya mhandisi huyo anayo pia daktari bingwa aliyekabidhiwa idara. Kisha iandike kwa sentensi moja ambayo mtu wa rasilimali watu anaweza kuirudia mbele ya bosi wake bila kutazama karatasi.

Kuhusu vyeti. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita kocha, na ndiyo maana cheti kina uzito kwa mnunuzi asiyekufahamu. Kinachojulikana zaidi ni cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995. Lina ngazi tatu za vyeti, ACC, PCC na MCC, kutoka ya chini hadi ya juu. ACC inadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya ukocha wenyewe. PCC inadai saa 125 za mafunzo na 500 za ukocha. MCC saa 200 na 2,500. Saa nyingi kati ya hizo za ukocha lazima ziwe za kulipwa, na kwa ACC zisipungue 75. Kwa hiyo fungua daftari tangu kikao cha kwanza: jina, tarehe, muda, kimelipiwa au ni bure, na mwombe mteja ruhusa ya kumweka humo. Mali bila daftari huisha bila habari. Nikiwa mnunuzi, cheti kilikuwa chujio la kwanza tu. Kilinisaidia kupunguza majina, hakikunichagulia kocha.

Sasa jambo kubwa: kikao cha watatu. Kabla ya kazi kuanza, zungumza na mlipaji, ambaye mara nyingi ni bosi wa kiongozi, peke yake, kisha mkutane na kiongozi peke yake, aamue kama anakutaka. Mpe nafasi halisi ya kukataa. Kiongozi aliyeletewa kocha kama adhabu atahudhuria kila kikao, atatikisa kichwa kwa heshima, na hakuna kitakachosogea. Akikubali, kaeni watatu: wewe, yeye na bosi wake.

Katika kikao hicho usikubali lengo kama “aimarishe mawasiliano”. Uliza: miezi sita ijayo, nani ataona tofauti, na ataiona akiwa wapi? Labda ni kwamba kwenye mkutano wa kila wiki wasaidizi wake watatoa taarifa wenyewe badala ya yeye kuwasemea. Hilo linaonekana kwa macho. Kisha mgeukie bosi: wewe utabadilisha nini? Akishangaa kuulizwa, umepata habari muhimu.

Yapo maswali mawili ambayo siyaachi ninapoongea na mlipaji faraghani. La kwanza: “Haya unayoniambia, umeshamwambia yeye?” Mara nyingi jibu ni hapana. Basi kazi ya kwanza si yangu; bosi akaseme mwenyewe, halafu tuendelee. Ukikubali kubeba ujumbe ambao bosi ameuogopa, umegeuka tarishi. La pili: “Akibadilika kweli, nini kitafuata?” Kukiwa na kimya, au maneno ya kuzungukazunguka, huenda uamuzi wa kumwondoa umeshapitishwa na wewe unatafutwa ili faili lionekane kamili. Kazi hiyo ikatae hata kama akaunti iko tupu. Sisemi hivi kwa ajili ya uungwana peke yake: watu waliobaki pale wanaona, na hawatakubali kukaa na wewe tena.

Siri iandikwe, isiachwe kwenye kuaminiana. Kanuni yangu ni kwamba malengo ni ya watatu, mazungumzo ni ya wawili. Mlipaji anapata kujua vikao vimefanyika na lini. Maendeleo yake anayaeleza kiongozi mwenyewe. Taja pia mipaka: hatari kwa uhai wa mtu, uhalifu, amri ya mahakama. Halafu jiandae kwa simu, maana itakuja tu, ya sauti ya kirafiki: “Vipi, kijana wetu anaendeleaje?” Jibu liwe tayari mdomoni: “Anaweza kukueleza vizuri kuliko mimi. Nikamwambie akutafute?” Ukitoa hata kijisehemu kidogo, kitamfikia mwenyewe kabla ya kikao kinachofuata.

Mambo mengine ya mkataba ni ya kawaida: idadi ya vikao na urefu wake (mimi napendelea dakika 90, kila wiki mbili au tatu, kwa miezi sita), taarifa ya saa 48 kwa anayeahirisha, kitakachotokea kiongozi akiacha kazi katikati, na nani ana haki ya kuona maandishi yako. Kampuni kubwa zinaweza kudai uwe na bima ya dhima ya kitaalamu, inayokukinga ukidaiwa kwa kosa la kikazi. Ulizia gharama yake kabla hujataja bei.

Na bei yenyewe? Usiuze saa. Ukiuza saa, mtu wa manunuzi atazihesabu na kukuuliza kwa nini zisiwe nane badala ya kumi na mbili. Uza kazi nzima kwa jumla moja: mazungumzo ya awali, vikao, mahojiano na watu wanaomzunguka kiongozi, kikao cha watatu cha mwanzo na cha mwisho. Ili upate kiasi, anza na unachohitaji kwa mwaka, ongeza kodi, bima, mafunzo na ada ya kocha mzoefu anayekusimamia, kisha gawa kwa siku utakazolipwa kweli. Ukiwa mpya, chukulia kwamba nusu ya siku zako zitaishia kwenye simu, mapendekezo na mikutano isiyolipwa. Wala usipange vikao vitano kwa siku moja. Mimi mwisho ni vitatu. Cha nne naanza kumjibu mteja wa nne kwa mambo ya yule wa tatu.

Kampuni hulipa siku 30, 60, hata 90 baada ya kupokea ankara, hapo ni kama hakuna aliyesahau kuipitisha. Omba nusu ya malipo mapema, jisajili kwenye orodha yao ya watoa huduma mara tu wanapokubali, na usianze kabla hujapata namba ya oda ya ununuzi, yaani hati yao ya kuthibitisha kwamba kazi imeagizwa. Anayelipa kwa mfuko wake mwenyewe unaweza kumpunguzia, lakini alipe kabla. Utasikia habari za Marshall Goldsmith, kocha wa Marekani anayejulikana kwa kulipwa pale tu watu wanaomzunguka kiongozi wanapothibitisha kwamba amebadilika. Ni utaratibu wenye mantiki, ila unamfaa mtu mwenye akiba nene na uwezo wa kuchagua nani wa kumfundisha. Anayeanza hana hata kimoja.

Wateja wa kwanza watatoka kwa watu waliokwisha kukuona ukifanya kazi. Usiwaombe wakununue, waeleze ile hali moja uliyoichagua, uwaulize nani wanamjua aliye nayo. Vikao vya bure viwe na mwisho uliotajwa tangu mwanzo. Kufanya kazi chini ya kampuni ya ukocha kunalipa kidogo lakini kunaleta saa na uzoefu, ilimradi usome kifungu kinachokukataza kuwahudumia wateja wao baadaye na muda wake. Tovuti? Ukurasa mmoja unatosha.

Tafuta pia mapema wataalamu wa afya ya akili ambao unaweza kumwelekeza mtu kwao. Kiongozi asiyelala kwa wiki kadhaa, au anayekunywa ili aweze kuingia ofisini, hahitaji maswali yako ya malengo. Mwambie wazi, msimamishe vikao, na kwa mlipaji usiseme zaidi ya “tumeahirisha kwa makubaliano”.

Kuelekea mwisho rudi kwa watu sita au wanane uliowahoji mwanzoni, uwaulize yale yale: anafanya nini vizuri, na nini kinamkwamisha? Yapange majibu kwa mada bila majina, mpe kiongozi, naye ndiye ayapeleke kwenye kikao cha watatu. Wewe siku hiyo ongea kidogo. Wiki mbili baadaye mpigie mlipaji, muulize kama mambo yamesimama, na kama kuna meneja mwingine mwenye hali kama ile. Sehemu kubwa ya kazi zangu hutoka kwenye simu hiyo, kwa hiyo huwa naiandika kwenye kalenda siku ile ile mkataba unaposainiwa.