Namna ya Kuamua Iwapo Utafanya Kazi ya Sanaa Bila Malipo

Msanii anapoombwa kuimba, kuchora au kupiga picha bila malipo, swali la kwanza analopaswa kuuliza ni nani mwingine anayelipwa katika shughuli hiyo. Ikiwa mwenye ukumbi atapata kodi yake, fundi wa mitambo ujira wake na mchapaji gharama za karatasi na wino, basi fedha zipo, ila mwandaaji ameamua kwamba pa kubania ni kwa msanii. Ombi la namna hiyo ulikatae kwa adabu na papo hapo utaje bei yako. Lakini ikiwa hakuna anayelipwa hata mmoja, kwa mfano watu wanapochangisha fedha za kumtibu mgonjwa, kazi yako ni mchango kama wa wenzako, nami naona ni heshima kuutoa.

Ahadi ya kwamba utajulikana ichunguze kwa makini. Uliza jina lako litaandikwa wapi, watakaoiona kazi ni kina nani, na kama wana desturi ya kununua kazi za aina hiyo, kwa sababu mara nyingi anayekufahamu kupitia kazi ya bure hukujia akitaka nyingine ya bure. Anayeanza sanaa na hana sampuli za kuonyesha ni afadhali ajitungie kazi zake mwenyewe, ambazo atazimiliki na kuzitengeneza apendavyo, kuliko kuifanyia biashara ya mtu mwingine kazi ambayo ingepaswa kulipiwa. Mashindano ya kubuni nembo nayo yasomewe masharti yote, kwani yapo yanayompa mwandaaji haki juu ya kila kazi iliyowasilishwa, hata ile isiyoshinda.

Ukikubali, andikianeni makubaliano kana kwamba unalipwa. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimejiunga nao, hakimiliki haihitaji kusajiliwa ili itambuliwe, na marekebisho yaliyofanywa Roma mwaka 1928 yaliongeza haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi na kupinga upotoshaji unaomharibia heshima. Kwa hiyo kuitoa kazi bure si kuitoa hakimiliki yake, na hapa ndipo wasanii wengi hupoteza wasichokusudia kupoteza. Eleza kwa maandishi kazi itatumika wapi na kwa muda gani, kama inaruhusiwa kubadilishwa au kuuzwa, na jina lako litaonekanaje. Taja pia tarehe ya kukabidhi na idadi ya marekebisho utakayofanya. Mimi nisingezidisha mawili, maana asiyelipa chochote haoni uzito wa kukurudisha mezani mara kumi.

Kisha mpelekee ankara. Andika bei kamili, chini yake punguzo la kiasi hicho hicho, na jumla iwe sifuri, ili mteja ajue thamani ya alichopewa na akirudi tena asidhani kwamba bei yako ni bure. Gharama za vifaa na usafiri ziandikwe kando, bila punguzo, na alipe kabla hujaanza kazi.