Namna ya Kufundisha Ukabaila wa Japani kwa Kuanzia Kunduchi

Mwalimu wa historia anayefundisha jamii ya kikabaila ya Japani hapa Dar es Salaam hukutana na kikwazo kilekile kila mwaka: wanafunzi huingia darasani wakiwa na taswira ya samurai na upanga wake, na papo hapo wakiamini kwamba Wajapani na Wachina ni watu wamoja. Mwaka wangu wa kwanza nilianza na orodha ya vyeo, kutoka Kaisari hadi mkulima. Wanafunzi waliikariri vizuri, lakini katika mtihani wengi wao waliandika kwamba Japani iliwahi kuwa koloni la Uchina. Utaratibu ninaoueleza hapa ulizaliwa na kosa hilo, na umenifaa tangu wakati huo.

Kabla hamjafungua kitabu, lipeleke darasa kwenye magofu ya Kunduchi. Pale, karibu na bahari, kuna mabaki ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili, na baadhi ya makaburi hayo yana nguzo zilizopachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Waache wanafunzi wayatazame bila kuwahutubia, kisha waulize maswali matatu: kitu hiki kilitoka wapi, nani aliamua kukichukua, na alikigeuza kuwa nini? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Bakuli lilifinyangwa ili litiwe chakula. Mwislamu wa pwani yetu akalifanya pambo la kumheshimu marehemu, na hapakuwa na jeshi la Uchina lililomwamuru afanye hivyo. Ikiwa nauli ya kwenda Kunduchi haipatikani, nendeni Makumbusho ya Taifa katikati ya jiji, ambako mtaona kauri za Kichina zilizotoka Kilwa. Maswali hayo matatu yaandikwe kwenye karatasi ya manila na yabaki ukutani hadi mada iishe, kwa sababu kila kipindi kitayarudia.

Kipindi cha pili kiwe cha maandishi, nawe usikiharakishe. Anza na Kiswahili chenyewe. Wazee wetu waliandika lugha hii kwa herufi za Kiarabu, ambazo zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo alama moja ilibebeshwa kazi ya «u» na «o», na msomaji alilazimika kutambua kwa muktadha kama ameandikiwa «mtu» au «mto». Andika maneno hayo mawili ubaoni, kwani mwanafunzi akiyaona ataelewa upesi shida iliyowapata Wajapani. Wao walipokea maandishi ya Kichina, ambayo kila alama yake hubeba maana, ili kuandikia lugha isiyo na udugu na Kichina na ambayo vitenzi vyake hubadilika mwishoni. Chora sasa alama ya mlima, 山, yenye vilele vitatu. Mchina huisoma «shan», na Mkorea «san». Mjapani huisoma «san» pale anapofuata matamshi yaliyotoka Uchina, na «yama» pale anapotumia neno la mababu zake. Alama ni moja, nayo ina sauti mbili katika lugha moja: ya mgeni na ya mwenyeji.

Kisha eleza jinsi Wajapani walivyozikata na kuzirahisisha alama hizo hadi zikawa herufi za silabi zinazoitwa kana, ambazo zilikuwa zimeenea kufikia karne ya 10. Wanaume wa baraza la Kaisari waliendelea kujivunia Kichina chao, na wanawake wa baraza hilohilo wakaandika kwa kana. Mmoja wao, Murasaki Shikibu, alitunga mwanzoni mwa karne ya 11 hadithi ndefu ya Genji, ambayo Wajapani huihesabu kuwa kilele cha fasihi yao. Wakorea nao walisubiri hadi mfalme wao Sejong alipotangaza, mwaka 1446, alfabeti ya herufi 28 iliyobuniwa kwa ajili ya lugha yao.

Baada ya hapo wanafunzi wako tayari kuona kwamba athari za Uchina hazikuingia kila mahali kwa mlango mmoja. Vietnam ya kaskazini ilitekwa na dola ya Han ya Uchina mwaka 111 KK, ikatawaliwa kwa takriban miaka elfu moja, ingawa uasi haukukoma, hadi ushindi wa jemadari wao Ngo Quyen katika mto Bach Dang mwaka 938. Sehemu ya Korea ilikuwa chini ya majimbo ya Han tangu 108 KK hadi 313, ndipo falme za Wakorea wenyewe zikashamiri. Japani haikutawaliwa na Uchina hata siku moja. Dini ya Buddha iliifikia katika karne ya 6 kwa kupitia ufalme wa Baekje wa Korea, na kuanzia mwaka 630 wajumbe wake walivuka bahari yenye hatari kwenda kujifunza katika dola ya Tang iliyotawala Uchina wakati huo. Jiji la Nara, lililofanywa makao makuu mwaka 710, lilipangwa kwa mitaa iliyonyooka kwa kuiga Chang'an, makao makuu ya Tang. Mwaka 894 baraza liliamua kutotuma tena wajumbe. Sisitiza tarehe hiyo, kwani inaonyesha mkopaji aliyejiamulia pa kuishia.

Sehemu inayofuata ndiyo waalimu wengi huiruka, nami naiona kuwa kiungo cha mada nzima: ukabaila wa Japani uliota pale sheria ya ardhi iliyokopwa Uchina iliposhindwa kufanya kazi. Mageuzi ya mwaka 645 na sheria za mwaka 701 zilikusudia ardhi yote iwe ya Kaisari, igawiwe wakulima kwa idadi ya vichwa, nao walipe kodi. Mwaka 743 iliruhusiwa kwamba anayefyeka shamba jipya alimiliki daima. Mahekalu na koo za wakubwa, waliokuwa na uwezo wa kufyeka, wakajipatia mashamba yaliyosamehewa kodi. Wenye mashamba wakakaa mjini, na kule shambani ulinzi ukashikwa na watu wenye farasi na silaha. Hao ndio samurai. Mwaka 1192 Minamoto no Yoritomo akapewa cheo cha shoguni, yaani jemadari mkuu, na tangu hapo nguvu halisi ilikuwa mikononi mwa wapiganaji kwa karibu miaka 700. Wanafunzi wetu hujifunza nyarubanja ya Kagera, ambako mkulima aliishi kwenye ardhi ya bwana na kumtolea sehemu ya mavuno, hivyo itumie kama daraja, lakini wakumbushe kwamba migomba ya Karagwe na Buhaya ina historia yake.

Ukifika enzi ya ukoo wa mashoguni wa Tokugawa, iliyoanza mwaka 1603, andika alama 士. Katika vitabu vya Kichina jamii ilipangwa kwa matabaka manne: 士, wakulima, mafundi na wafanyabiashara. Uchina 士 alikuwa msomi aliyepanda cheo kwa mtihani. Japani alama hiyohiyo ikasomwa kuwa mpiganaji mwenye panga mbili, aliyezaliwa katika tabaka lake. Korea ilianzisha mitihani ya watumishi wa serikali mwaka 958 na Vietnam mwaka 1075, lakini Japani nasaba ndiyo iliyoamua. Wala haikukubali fundisho la Wachina kwamba mbingu zaweza kumnyang'anya mtawala mwovu kiti chake, kwa maana ukoo wa Kaisari ulidai kutokana na mungu jua. Wataje pia waliotengwa nje ya matabaka manne, kama vile wachuna ngozi, ili wanafunzi wasidhani kwamba mpango ule uliwajumuisha watu wote.

Utajiri wa bwana ulipimwa kwa koku, kipimo cha mchele cha lita 180 hivi, kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Kwa uzito ni kama kilo 150, yaani viroba sita vya kilo 25 kama vinavyouzwa madukani kwetu. Aliyepungukiwa na koku 10,000 hakuitwa daimyo, yaani bwana mkubwa wa jimbo. Waache wanafunzi wazidishe wenyewe hadi wafikie viroba 60,000, halafu waambie kwamba ukoo wa Maeda ulihesabiwa koku zaidi ya milioni moja.

Kwa kazi ya nyumbani, gawa darasa katika makundi na upe kila kundi kitu kimoja cha kukifuatilia: chai, ambayo mtawa Eisai alirudi na mbegu zake kutoka Uchina mwaka 1191 na ambayo kwa Kijapani huitwa «cha», jina lenye asili moja na letu, dini ya Buddha, mpango wa jiji, au alama 士. Kila kundi lijibu maswali matatu yaliyo ukutani, na jibu litakaloishia kusema «kilitoka Uchina» lirudishwe kwa wenyewe waliandike upya.