Kufuga tetra neoni: komaza tangi kwanza, samaki baadaye

Tetra neoni ni samaki wa sentimita 3 hadi 4, asili yake vijito vya bonde la Amazoni, penye maji laini (yenye madini kidogo) na kivuli. Ni mpole na huishi kwa kundi. Wengi hufa siku chache baada ya kununuliwa, na mara nyingi kosa ni la tangi lililojazwa maji jana.

1. Tangi. Sentimita 60×30×30 linatosha neoni 10. Wakiwa watatu au wanne hujibanza pembeni na rangi hufifia. Weka changarawe, mimea, mfuniko, na filta ya sifongo yenye pampu ya hewa; filta ya mkondo mkali huwachosha. Usipambe kwa kombe wala matumbawe: chokaa yake huyeyuka na kuyafanya maji kuwa magumu.

2. Maji. Ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi saa 24 huondoa klorini, lakini si kloramini (klorini iliyoungana na amonia). Maji ya visima vya pwani, kwenye mwamba wa matumbawe, huwa magumu. Changanya nusu kwa nusu na ya mvua safi. Joto liwe nyuzi 22 hadi 26. Nairobi au Arusha utahitaji hita ya wati 50. Dar es Salaam shida ni kinyume: elekeza feni juu ya maji.

3. Kukomaza. Yaani kulipa tangi muda likuze bakteria wa kusafisha maji. Hatua hii ndiyo watu huiruka. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza naitraiti, nayo ni sumu pia, kisha wengine huigeuza naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hujijenga ndani ya sifongo, na huchukua wiki 4 hadi 6. Washa filta bila samaki, tia chembe za chakula kila siku, upime maji. Siku amonia na naitraiti zikisoma 0 na naitreti ikionekana, tangi limeiva. Sifongo lililotoka kwenye tangi kongwe lenye afya hufupisha safari hii sana.

4. Kuwahamisha. Zima taa. Acha mfuko wenye samaki uelee juu ya maji dakika 20, kisha ongeza ndani yake nusu kikombe cha maji ya tangi kila dakika 10, mara nne au tano. Watoe kwa wavu. Maji ya mfuko mwaga.

5. Matunzo. Chakula kiwe cha kusagwa, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Kila wiki badilisha robo ya maji. Sifongo likamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yenye klorini yataua bakteria wako.

Ukiwasha taa asubuhi ukawakuta wamepauka, mstari wa buluu umefifia, usishtuke: usiku ndivyo walivyo, na rangi hurudi baada ya muda mfupi. Lakini doa jeupe linalobaki mgongoni mchana kutwa, kwa samaki anayeogelea peke yake, huenda likawa ugonjwa wa neoni. Hauna tiba. Mtoe siku hiyohiyo, kwani wenzake wakimla akifa huambukizwa.