Jino Lililong'olewa Usilitupe: Namna ya Kuliandaa kwa Maabara ya Fizikia ya Nyuklia

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno. Nilifanya kazi Usa River kwa muda mrefu kabla ya kuhamia Moshi mjini. Wagonjwa wangu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia, yale ambayo mtu akicheka Dar es Salaam anaulizwa papo hapo kama kwao ni Arusha. Huwa natunza meno niliyoyang'oa kwa ajili ya wanafunzi na watafiti wanaochunguza yaliyomo ndani yake kwa njia za fizikia ya nyuklia. Mwongozo huu nawaandikia wenzangu wa kliniki, na wanafunzi wanaotaka kuanza utafiti wa aina hiyo huku kwetu.

Madoa hayo huletwa na floraidi nyingi katika maji ya utotoni, na floraidi ni florini iliyoungana na madini mengine. Mwanafizikia anaweza kupima florini hiyo katika jino kwa usahihi mkubwa. Lakini akipewa jino lisilo na historia, namba atakayoipata haitamsaidia mtu yeyote. Historia hiyo inapatikana dakika zile mgonjwa yuko kwenye kiti, na mwenye kuiandika ni wewe.

Tuanze na jino lenyewe. Enameli, lile tabaka gumu jeupe la nje, ikishaumbika haijengwi upya kama mfupa. Kilichoingia ndani yake wakati inaumbika kinabaki humo mpaka uzeeni. Na kila jino lina wakati wake. Kichwa cha jino la utotoni huanza kuumbika mtoto akiwa bado tumboni na hukamilika ndani ya mwaka wa kwanza. Gego la kwanza la ukubwani huanza karibu na siku ya kuzaliwa na kukamilika kwenye umri wa miaka mitatu hivi. Gego la pili hukamilika kwenye miaka saba au minane. Gego la mwisho huanza kati ya miaka saba na kumi, likamalizika ujanani. Kwa hiyo mtu aliyelelewa Ngaramtoni, kisha akahamia Marangu akiwa darasa la tatu, anaweza kubeba maji ya Ngaramtoni kwenye gego la kwanza na maji ya Marangu kwenye gego la mwisho, yote katika kinywa kimoja.

Floraidi yetu inatokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kuna vyanzo karibu na Mlima Meru vilivyopimwa vikapita miligramu 10. Ndiyo sababu kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kilijengwa Ngurdoto, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Sasa kwa nini nyuklia? Florini yote ya asili ni ya aina moja tu, florini-19. Ukiilenga kwa protoni (chembe ndogo za kiini cha atomu) zilizoharakishwa kwenye mashine, kiini chake humeza protoni, hutema chembe ya alfa, na kinachobaki ni oksijeni-16 iliyochangamka. Oksijeni hiyo ikitulia hutoa miale ya gama yenye nguvu ya takriban MeV 6 hadi 7 (MeV ni kipimo cha nguvu ya miale), ambayo ni rahisi kuitofautisha na miale mingine. Unahesabu miale, unapata kiasi cha florini, na jino linabaki zima. Mashine za namna hii zipo Afrika Kusini, kwenye maabara ya iThemba LABS karibu na Cape Town. Kinu cha nyuklia, ambacho kinafaa sana kwa madini mengine ya jino, kwa florini kinasumbua: neutroni huigeuza kuwa florini-20, ambayo nusu yake huoza ndani ya sekunde 11. Kabla hujalitoa jino kinuni na kulifikisha kwenye kipimo, sehemu kubwa imeshapotea.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi ni huu: usikimbilie protoni kwanza. Kama unataka tu kujua wastani wa floraidi kwenye jino zima, saga kipande, kiyeyushe kwa asidi na upime kwa elektrodi ya floraidi, kifaa cha kawaida kwenye maabara za maji. Protoni zitumie pale swali lako linapohusu matabaka: floraidi iliingia lini, juu kuna kiasi gani na ndani kuna kiasi gani. Mashine ile ina foleni na gharama, na inafaa ipelekewe meno yenye swali linaloihitaji.

Kabla ya kugusa jino lolote, pata vibali. Utahitaji kamati ya maadili ya chuo au hospitali yako, na kibali cha taifa kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Jino ni sehemu ya mwili wa binadamu, hivyo kulituma nje ya nchi kunahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli. Anza mapema, wakati bado unaandika pendekezo la utafiti.

Halafu yaje mazungumzo na mgonjwa. Hapa ndipo nawaomba mtulie. Usimwombe mtu ridhaa akiwa na maumivu wala baada ya sindano ya ganzi, mdomo umekufa na hawezi hata kuuliza swali. Mwombe kabla, akiwa amekaa vizuri, na mwambie waziwazi kwamba jino litang'olewa vilevile hata akikataa. Mimi husema hivi: "Mama, jino la mtoto likitoka huwa linakwenda kwenye taka za hospitali na kuchomwa. Ukiridhia, tutalipeleka kwa watu wanaopima maji aliyokunywa alipokuwa mdogo. Jina lake halitaandikwa." Kwa wazee naongeza muda. Bibi mmoja wa Ngurdoto, nilipomaliza kumwamkia na kumweleza, aliniuliza, "Mwanangu, na hilo jino langu litazikwa wapi?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Tangu hapo huwa naiuliza maabara, kabla ya kukubali kushirikiana nayo, masalia yanafanywa nini baada ya kupimwa, na jibu nalitia kwenye karatasi ya ridhaa. Maabara isiyo na jibu siipelekei jino.

Kwa meno ya utotoni, jipange na wazazi mapema. Watoto wengi huyarusha juu ya bati, na likisharushwa limekwenda. Hata hivyo meno haya ni hazina. Kule St. Louis, Marekani, kuanzia mwishoni mwa 1958, daktari Louise Reiss na wenzake walikusanya maelfu kwa maelfu ya meno ya watoto ili kupima strontiamu-90 iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Strontiamu hufuata njia ya kalsiamu, ikaingia kwenye maziwa, na kutoka kwenye maziwa ikaingia kwenye meno. Matokeo yao yalitiliwa maanani katika mjadala uliozaa mkataba wa 1963 wa kuzuia majaribio ya angani. Wazazi walilitia jino kwenye bahasha na kujaza kadi. Kama wao waliweza kwa bahasha, shule ya msingi ya Maji ya Chai nayo inaweza.

Maswali ya historia ndiyo moyo wa kazi. Usiulize "unaishi wapi?" Uliza alizaliwa wapi, alinyonya mpaka lini, na kabla ya kuanza darasa la kwanza nyumbani walichota maji wapi. Andika jina la chanzo: bomba la kijiji, kisima, chemchemi, mfongo (mfereji wa kienyeji), au maji ya mvua. "Maji ya Meru" haitoshi, kwa sababu chemchemi mbili za mlima mmoja zinaweza kutofautiana mno. Watu wazima wengi hawakumbuki miaka, lakini wanakumbuka mambo: kabla bomba halijafika, wakati wa Vita vya Kagera, mdogo wangu alipozaliwa. Andika hivyohivyo walivyosema, hesabu ya miaka utaifanya baadaye. Kama mama yupo, muulize yeye, maana mtoto hajui alipewa nini akiwa na mwaka mmoja.

Usisahau magadi. Kuna maeneo ambayo maji yake yana floraidi kidogo lakini watoto wana madoa, na watafiti wameyataja magadi yanayotiwa kwenye makande, maharage na mboga za majani. Uliza yalinunuliwa wapi, yalitiwa mara ngapi kwa wiki, na mtoto alianza kula chakula cha wakubwa lini. Uliza na chai ya rangi, kwani majani ya chai yana floraidi yake.

Kabla ya kung'oa, kausha jino kwa pamba na upige picha mchana, karibu na dirisha. Kisha lipe alama ya madoa kwa kipimo cha Thylstrup na Fejerskov cha 1978, kinachoanzia 0 mpaka 9. Jino lenye mate huficha madoa madogo, kwa hiyo usiruke hatua ya kukausha.

Likishatoka, lifute damu kwa shashi iliyoloweshwa maji yaliyokenekwa, yaani maji safi yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Usilioshe kwa maji ya bomba, hasa ya huku kwetu, kwa sababu utakuwa unaliongezea kile kile unachotaka kupima. Usilisugue kwa dawa ya meno hata kama limechafuka sana: dawa ya kawaida ina floraidi ya kati ya miligramu 1,000 na 1,500 kwa kilo. Jiki nayo hapana. Protoni za mashine ile haziingii ndani ya enameli hata sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo uchafu wa juu au mkwaruzo wa chuma ndio utakaosomwa kwanza. Nyama iliyobaki kwenye mzizi itoe taratibu, bila kugusa kichwa cha jino.

Litie kwenye kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha plastiki, pamoja na maji yaliyokenekwa yenye thaimoli kidogo ya kuzuia vijidudu, na uweke kwenye friji ya maabara. Friji ya chanjo usiiguse. Lisikae majini miezi na miezi, kwa sababu tabaka la juu hubadilika. Jaza pia kichupa kimoja maji yaleyale bila jino, kisafiri na vingine. Kama kitaonyesha florini, utajua imetoka kwenye maji yako.

Kuhusu kuua vijidudu, iulize maabara kwanza, kwa sababu kila kipimo kina masharti yake. Jino lenye kijazio cha fedha na zebaki usilitie kwenye otokilevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, maana mvuke wa zebaki utakudhuru wewe na wenzako. Meno ya kupimwa mionzi iliyompata mtu nayo yana sheria zake. Mionzi ikipita kwenye enameli huacha alama inayosomeka kwa sumaku kali na mawimbi ya maikrowevu, na kwa njia hiyo walipimwa walionusurika Hiroshima na Nagasaki. Joto la drili linaweza kuvuruga alama hiyo. Mwanga wa jua nao huacha alama inayofanana nayo, ndiyo maana wanapendelea magego kuliko meno ya mbele, ambayo huota jua kila mtu anapocheka. Andika pia kama mgonjwa amewahi kupigwa eksirei ya meno. Na ukitaka kujua kama mashine ya eksirei ya kliniki yako ina kibali, ofisi ya Tume ya Nguvu za Atomu iko hapo Njiro, Arusha. Wenye mamlaka ya mionzi nchini ni wao.

Lebo iandike kwa penseli, kwa sababu wino hufutika kwa spiriti. Andika namba ya siri, tarehe, na namba ya jino kwa mfumo wa tarakimu mbili: gego la kwanza la chini kushoto ni 36, la mwisho la chini kulia ni 48. Jina lisiandikwe popote kwenye kichupa. Daftari linalounganisha majina na namba likae kwenye kabati linalofungwa, mbali na friji.

Kama chanzo cha maji bado kipo, nenda ukachukue sampuli. Suuza chupa ya plastiki mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze, andika jina la chanzo na tarehe. Jino linaeleza maji ya zamani na chupa inaeleza ya leo. Vikitofautiana sana, rudi ukamuulize mzee wa kijiji bomba lilibadilishwa lini.

Jino moja likate pande mbili pale inapowezekana, kwa msumeno wa almasi unaopozwa kwa maji yaliyokenekwa. Nusu moja isafiri, nusu ibaki. Vifurushi hupotea njiani, na swali jipya linaweza kuja mwakani. Vipimo vikirudi, wapelekee majibu waliotoa meno, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji na mwenyekiti akiwepo. Waambie chanzo gani kina floraidi nyingi na kipi kina nafuu, ili maji ya uji wa mtoto mdogo yachotwe kwenye kile chenye nafuu kuanzia siku hiyo.