Kupaka chakula cha tilapia kitunguu saumu, vitamini C na hamira

Tuelewane kwanza: nyongeza hizi si dawa. Samaki mgonjwa huacha kula mapema, na ukimwekea kinga kwenye chakula, chakula chenyewe hakigusi. Anayefaidika ni yule ambaye bado anakimbilia tembe za chakula. Kwa hiyo anza siku 10 hadi 14 kabla ya msukosuko: kabla ya kuwatenganisha kwa ukubwa, kabla ya kuwahamisha kutoka bwawani kwenda kwenye vizimba vya ziwani, au mwishoni mwa Mei, kabla ya baridi ya Juni na Julai. Baridi hiyo Nakuru na Vihiga inauma kuliko Kisumu.

Hesabu huanza kwenye mizani. Vua samaki 30 kwa wavu, wapime, tafuta wastani. Samaki 1,000 wa gramu 100 kila mmoja ni kilo 100, na kwa asilimia 3 ya uzito watakula kilo 3 kwa siku. Kilo 10 zitawatosha siku tatu. Usitengeneze zaidi, kwa sababu chakula kilicholowa hakikawii kuota ukungu.

Kwa kilo 10 za tembe tayarisha:
- kitunguu saumu kilichomenywa, gramu 150
- vitamini C ya unga, gramu 5
- hamira kavu ya mkate, gramu 10
- maji safi yasiyo moto, mililita 300
- mafuta ya alizeti au mengine yasiyoganda, mililita 200

Ponda kitunguu saumu hadi kilainike kabisa, kisha kiache dakika 10. Usiruke hatua hii: nguvu yake hutokea kinapopondwa, na ukikichemsha umeiua. Tia kwenye maji, koroga, chuja kwa kitambaa na ukamue vizuri. Makapi tupa, maana yataelea tu na kuoza. Ndani ya maji hayo yeyusha hamira, na vitamini C iwe ya mwisho.

Tandaza tembe kwenye turubai kivulini, tabaka moja jembamba. Nyunyiza kwa chupa ya kupulizia huku mwenzako akigeuza kwa mikono, taratibu, zisivunjike. Subiri kama nusu saa zinywe, ndipo unyunyize mafuta. Mafuta ndiyo kifuniko: ukiyatanguliza, maji yatateleza juu ya tembe, ukiyaacha, vitamini C itayeyukia bwawani kabla samaki hajafungua mdomo. Acha zikauke kivulini, kamwe si juani, kwa kuwa jua na joto huharibu vitamini C. Tembe iliyoiva vizuri hung'aa kidogo na haishikani na mwenzake ukiifinya kiganjani.

Tilapia hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Ukiona vifaranga wenye mgongo uliopinda, au vidonda visivyopona, shuku chakula kilichokaa sana dukani kabla ya kushuku kitu kingine. Soma tarehe kwenye gunia. Gunia lenye harufu ya uvundo hata ulipake nini halifai: sumu ya ukungu huharibu ini na kuishusha kinga ile ile unayoitafuta.

Kosa lingine ni kuzidisha kitunguu saumu. Harufu ikizidi samaki huonja na kutema. Rusha konzi moja, hesabu dakika 15. Tembe zikibaki, punguza kitunguu hadi gramu 100.

Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, huo si upungufu wa kinga, ni upungufu wa hewa. Simamisha chakula na mbolea, ingiza maji mapya. Ingiza mkono majini: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, bwawa lina kijani kupita kiasi. Wa kwenye vizimba huweza kufa wengi kwa usiku mmoja maji ya chini ya ziwa yasiyo na hewa yakipanda, na hapo hamira haina la kusaidia.

Kabla ya kuwahamisha, usiwape chakula kwa saa 24. Baada ya siku 14 za chakula kilichopakwa, rudi kwenye chakula cha kawaida kwa wiki mbili au tatu kabla ya kurudia, kwani kinga inayochochewa na hamira mfululizo hufika mahali ikaacha kuitikia.