Merigoldi kwenye nyanya za kitalu nyumba: wahi kabla inzi weupe hawajabisha hodi

Nalima nyanya kwenye kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15, huku Usa River, Arusha. Kinachonisumbua kuliko vyote ni inzi weupe. Hujificha chini ya jani wakifyonza utomvu, na kinyesi chao kitamu kinachonata huota ukungu mweusi kama masizi. Wapo pia wanaoeneza rasta, ule ugonjwa wa kukunja majani na kudumaza mche.

Msimu wa kwanza nilipanda merigoldi, yale maua ya bustani yenye harufu kali, baada ya kuona inzi wanatimka kila nikigusa jani. Hawakwenda popote. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha jambo hilohilo: merigoldi ya Kifaransa ikikaa na nyanya tangu mwanzo, inzi weupe huongezeka polepole, ikiletwa wakiwa wameshazagaa, nguvu yake ni ndogo. Kinachowakera ni limonene, kemikali inayopatikana pia kwenye ganda la chungwa.

Hatua ya 1: Sia maua kabla ya nyanya. Mimi husia merigoldi wiki 2 au 3 mapema, ili siku ya kuhamisha nyanya nayo iwe na majani ya kutosha. Chukua ile fupi ya Kifaransa, ya sentimita 20 hadi 30. Ile ndefu yenye maua makubwa kama mpira itagombania mwanga na nyanya changa. Usisubiri maua yachanue ndipo uhamishe, maana majani nayo yanatoa harufu.

Hatua ya 2: Safisha kitalu. Ng'oa magugu yote, ndani na pembeni mwa nyavu. Mche mmoja wa nyanya uliobaki wa msimu uliopita unatosha kuwatunza inzi hadi miche mipya ifike.

Hatua ya 3: Panda siku moja na nyanya. Kwangu ni mche 1 wa merigoldi kwa kila nyanya 3 au 4, ukingoni mwa tuta, sentimita 30 kutoka kwenye shina, karibu na tundu la mpira wa matone ili usihitaji kumwagilia kwa ndoo. Mlangoni naongeza, kwa sababu wengi wanaingilia hapo tunapopita sisi wenyewe.

Hatua ya 4: Nje, acha giligilani ichanue. Maua yake madogo yana nekta inayofikiwa kirahisi na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya wadudu waharibifu. Sia kidogo kila baada ya wiki 3 ili maua yasikatike. Lakini kama nyavu zako ni za matundu madogo sana, zinazozuia inzi weupe, basi hata wadudu wengi rafiki watabaki nje. Hapo panda chache ndani.

Hatua ya 5: Kagua mara 2 kwa wiki. Hapa tafadhali usifanye uvivu. Merigoldi hufukuza inzi weupe, ila utitiri mwekundu na vithiripi, vijidudu vyembamba vinavyojificha kwenye maua, wanaipenda. Geuza majani yake: ukiona vidoadoa vya njano na utando mwembamba, ng'oa mche huo, utie kwenye mfuko palepale, utoke nao. Kwa vithiripi, gongagonga ua juu ya karatasi nyeupe uone kama wanadondoka. Ning'iniza pia mitego ya gundi ya njano, usawa wa ncha za nyanya, uhesabu walionasa. Idadi ikipanda, nyunyiza maji ya sabuni laini chini ya majani jioni, pale tu walipo. Ukimwaga sumu kali kitalu kizima, umewaua na nyigu uliowaita kwa giligilani.

Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake huchimba majani ya nyanya, ni habari nyingine. Usitegemee merigoldi imzuie. Weka nyavu nzima, tumia mitego ya harufu ya jike, na uondoe majani yaliyochimbwa.

Hatua ya 6: Mwisho wa msimu. Ng'oa nyanya na utazame mizizi. Ikiwa na vinundu, una minyoo fundo, na merigoldi chache za ukingoni haziwezi kuwapunguza. Tuta hilo lipande merigoldi tupu, kwa kubanana, miezi 2 hadi 3, ukipalilia magugu yasiwatunze minyoo, kisha uzilimie humohumo udongoni.