Namna ya Kutunga Kutokana na Yale Yanayokuuma

Ikiwa unataka kazi yako ya sanaa itokane na yale yanayokuuma au kukuaibisha, anza kwa kuandika mambo ambayo huna nia ya kumpa mtu yeyote ayasome, hata kama sanaa yako ni uchoraji au muziki. Hadhira, hata ile ya kufikirika tu, humfanya mtu ajipambe kabla hajasema neno. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambao baadhi ya washiriki wake waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne mfululizo, kuhusu matukio yaliyowaumiza maishani. Watafiti hao walikuwa wakichunguza afya, si sanaa, lakini utaratibu wenyewe unamfaa msanii: uwe na muda mfupi unaojulikana mwisho wake, usisahihishe chochote, na usiyasome uliyoyaandika mpaka siku hizo ziishe. Ukiona uchungu unakuzidi nguvu, acha, uchague jambo jingine, kwa kuwa hakuna kazi inayodai jeraha bichi litoneshwe leo.

Utakaporudi kusoma, shika kalamu. Futa kila sentensi ambayo mtu mwingine yeyote angeweza kuiandika, kama vile kwamba moyo ulivunjika au dunia iligeuka giza, kisha uzungushie duara mambo uliyoyaona wewe peke yako: viatu vilivyobaki mlangoni, jibu la mkato ulilompa mgonjwa, nafuu uliyoihisi siku ambayo watu wote walitarajia ulie. Angalia hasa pale ulipopita haraka, kwa maana mwandishi hukimbia akikaribia jambo linalomwaibisha, na aghalabu kazi yenyewe imejificha hapo.

Sehemu ngumu zaidi ni kulipatia jambo hilo umbo, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani kwamba kulia mbele za watu kunatosha. Mchongaji wa Ujerumani Käthe Kollwitz alimpoteza mwanawe Peter vitani nchini Ubelgiji mnamo Oktoba 1914. Kijana huyo alikuwa na miaka 18 na alihitaji ridhaa ya wazazi ili ajiunge na jeshi. Baba alikataa, na mama ndiye aliyemsihi akubali. Mwaka huohuo Kollwitz alianza kubuni sanamu ya ukumbusho ambayo ingemwonyesha mwana akiwa amelala, akauacha mpango huo mwaka 1919, akaurudia baadaye, na kazi ikakamilika mwaka 1932. Katika umbo la mwisho mwana hayupo. Wamebaki wazazi wawili waliopiga magoti, kila mmoja peke yake, wakiwa na sura zinazofanana na ya Kollwitz mwenyewe na ya mumewe. Kwa maoni yangu, kumwondoa marehemu ndiko kulikoifanya kazi hiyo iwe wazi zaidi, kwa sababu mtazamaji hana tena shujaa wa kumlilia, bali anabaki na waliosalia na lile waliloliridhia.

Jiulize basi ni kitu gani katika rasimu yako kinakukinga. Kuna uwazi ambao nao ni pambo, pale mtu anapoonyesha kidonda ili ahurumiwe au asifiwe kwa ujasiri wake. Ukikuta kwamba kila tukio linakuonyesha kuwa uliyeonewa au uliyeshinda, tafuta tukio moja ambalo hukuwa yeyote kati ya hao wawili.

Siri za watu wengine si mali yako. Badilisha yanayowatambulisha, au waombe ruhusa.

Hatimaye mwonyeshe kazi mtu mmoja unayemwamini, na usimuulize kama ni nzuri, bali umwombe akuonyeshe mahali alipoacha kukuamini. Kabla ya kubadilisha maneno ya mahali hapo, rudi kwenye maandishi yako ya kwanza uangalie ni tukio gani uliloliruka.